Kijiji cha Kiingereza kwa kalamu tano: uanze na nani?

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na wanaouliza hawafanani. Yupo mwanafunzi wa fasihi aliyechoshwa na London ya moshi na magari ya farasi, anataka kujua Mwingereza wa shambani aliishije. Yupo mama aliyemfuata mumewe Uingereza akajikuta anakaa mji mdogo uliozungukwa na malisho ya kondoo, na hakuna aliyewahi kumwambia pale palikuwaje zamani. Yupo kijana anayetaka kuandika habari za kijiji cha babu yake, anatafuta mtu wa kujifunza kwake. Wote watatu husimama mbele ya rafu ileile, nayo ni rafu ndefu, kwa sababu Waingereza wameandika juu ya mashamba yao bila kuchoka tangu kabla ya Thomas Tusser kutoa mashauri yake ya kilimo kwa mashairi mwaka 1557.

Nimechagua watano niliowasoma na kuwarudia. Gilbert White na The Natural History of Selborne (1789). John Clare na The Shepherd's Calendar (1827), pamoja na mashairi yake mengine. William Cobbett na Rural Rides (1830). Flora Thompson na Lark Rise to Candleford, ambacho ni vitabu vitatu vya 1939, 1941 na 1943 vilivyounganishwa mwaka 1945. Na Ronald Blythe na Akenfield (1969). Thomas Hardy nimemwacha makusudi. Yeye ni mtunzi wa riwaya, na riwaya mtu huichagua kwa hadithi yake. Hawa watano wanachaguliwa kwa jinsi wanavyokionyesha kijiji chenyewe.

Nitawapima kwa mambo yaleyale: mwandishi amesimama wapi anapokitazama kijiji; anasema nini juu ya kazi na tumbo; anasema nini juu ya ardhi; anawaonaje ndege na wanyama; Kiingereza chake kina ugumu gani kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu; kitabu kinapatikanaje; na kasoro yake ni ipi.

Amesimama wapi

White alikuwa kasisi msaidizi wa Kanisa la Anglikana. Alizaliwa Selborne, Hampshire, mwaka 1720, akafia hapohapo Juni 26, 1793. Hakuwa mtu wa utajiri mkubwa, lakini hakulima ili ale. Alikuwa na bustani, saa, daftari na muda. Kitabu chake ni barua kwa wajuzi wawili wa viumbe, Thomas Pennant na Daines Barrington, ingawa baadhi aliziandika kwa ajili ya kitabu tu na hazikuwahi kutumwa.

Siku kumi na saba baada ya White kufa, Julai 13, alizaliwa John Clare katika kijiji cha Helpston, upande wa Northamptonshire. Ukizitazama tarehe hizo mbili utadhani mmoja alimpisha mwenzake mlangoni, ila waliingia kijijini kwa milango tofauti. Baba yake Clare alikuwa mpura nafaka, mama yake hakujua kusoma. Clare mwenyewe alikuwa kibarua wa mashamba na wa tanuri la chokaa, akiandika mashairi kwenye vipande vya karatasi alivyovificha.

Cobbett alizaliwa Farnham, Surrey, mwaka 1763, mtoto wa mkulima mdogo. Akawa askari, kisha mwenye gazeti, Political Register, lililomtia jela ya Newgate kwa miaka miwili tangu 1810 kwa sababu alipinga kuchapwa viboko askari wa mgambo. Rural Rides ni safari zake za miaka ya 1820 alizozichapa kwanza gazetini. Yeye kijiji anakitazama akiwa juu ya farasi: anapita, anahesabu, anakasirika, anaendelea na njia.

Thompson alizaliwa mwaka 1876 Juniper Hill, kitongoji cha nyumba kama thelathini mpakani mwa Oxfordshire, ambacho kitabuni anakiita Lark Rise. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na hilo si jambo dogo: waliishi katikati ya vibarua wa shamba bila kuwa vibarua wa shamba. Aliondoka akiwa na miaka kumi na nne kwenda kufanya kazi posta ya kijiji jirani, na kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kilitoka akiwa ameshapita sitini. Kwa hiyo amesimama mahali pawili kwa pamoja, ndani akiwa mtoto na mbali akiwa mzee.

Blythe, mzaliwa wa Suffolk wa mwaka 1922, naye alitoka kwa baba kibarua wa shamba. Katika Akenfield aliamua kusogea pembeni. Alizunguka vijiji vya Charsfield na Debach katika miaka ya 1960, akawauliza watu, akawaacha waseme: fundi magurudumu, mwezeka nyumba, muuguzi, mchimba makaburi. Jina la kijiji alilibuni.

Kazi na tumbo

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoelewa kwa nini inafaa kuwasoma zaidi ya mmoja.

White ana barua moja juu ya taa za maskini. Wanawake, wazee na watoto walikwenda kwenye malisho ya majimaji kiangazi kukata unyasi mrefu, wakaumenya maganda na kuacha ukanda mmoja mwembamba wa kushikilia kiini, wakauanika majanini upate umande siku kadhaa, kisha jua. Halafu wakauchovya katika mafuta ya nyama yaliyoyeyushwa. White akachukua saa. Unyasi mmoja wenye urefu wa sentimita 72 hivi uliwaka dakika 57. Alihesabu mpaka akapata kwamba familia maskini ingeweza kununua saa tano na nusu za mwanga kwa robo peni. Ni barua ya kurasa chache, na kwa jinsi inavyotembea hatua kwa hatua, ukiisoma leo unaweza kwenda kuitengeneza taa hiyo.

Kisha anatoa hukumu. Maskini wa mwisho kabisa, anasema, hawajui kubana matumizi, ndiyo maana hawatoki katika umaskini: kila jioni wananunua mshumaa wa nusu peni unaowaka saa mbili tu katika vyumba vyao vya upepo, wakati kwa nusu peni hiyohiyo wangepata saa kumi na moja za unyasi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nyumbani kwetu mafuta ya taa yalinunuliwa kila jioni kwa jirani mwenye duka, kipimo cha chupa ndogo ya soda, na mimi ndiye niliyetumwa. Mama alijua vizuri sana kwamba lita nzima ni nafuu. Lakini lita nzima ilitaka pesa ya siku nne iwe mkononi kwa wakati mmoja, na pesa yetu haikuwahi kulala siku nne. Kibatari chetu kilikuwa mshumaa wa nusu peni. Siku ya pili nilikifungua kitabu tena, kwa sababu katika wale watano hakuna mwingine aliyeupima mwanga wa maskini kwa dakika. Hesabu yake niliiamini. Hukumu yake niliiacha palepale.

Jibu la White nililipata kwa Thompson, miaka mia na hamsini baadaye. Ili uchovye unyasi unahitaji mafuta, na mafuta hayo yalitoka kwenye kikaango cha nyama ya nguruwe. Je, nguruwe alipatikanaje? (Msomaji ambaye nyama hii haimhusu anivumilie, huwezi kusimulia kijiji cha Kiingereza bila mnyama huyu.) Kwa Thompson, mshahara wa kibarua ulikuwa kama shilingi kumi kwa wiki. Kila nyumba iliyoweza ilifuga nguruwe mmoja nyuma ya nyumba. Watoto waliporudi shule walikusanya magugu na konokono njiani wamletee. Jumapili wanaume walisimama bandani wakimkuna mgongo na kubishana juu ya unene wake. Lakini ili anenepe alihitaji unga wa shayiri, na unga ulikopwa kwa mwenye kinu au mwokaji mikate, kwa ahadi ya kulipwa nyama. Mara nyingi nusu ya nguruwe ilikuwa imekwenda kabla ya kisu. Thompson anasema halikuwa jambo la ajabu kumsikia mwanamke akisema kwamba Ijumaa, Mungu akipenda, watachinja nusu ya nguruwe, na mgeni angebaki akijiuliza kama nusu nyingine itaendelea kutembea bandani. Hapo ndipo utamwelewa yule mnunuzi wa mshumaa wa nusu peni. Hakukosa akili. Alikosa nguruwe, au nguruwe wake alikuwa na mwenyewe.

Cobbett yeye anaanza na hasira. Karibu na Cricklade, Wiltshire, anaona vibanda vya vibarua anavyosema ni afadhali kidogo tu kuliko malazi ya nguruwe, na nyuso zao zinaonyesha kwamba chakula chao hakifikii cha nguruwe. Baadaye, katika bonde la Avon, anakaa na kuhesabu ngano, nyama na sufu inayotoka katika parokia moja, kisha anahesabu watu, na kuonyesha kwamba wanaolima wanabaki na kipande kidogo mno cha wanachozalisha. Lakini sehemu ninayoipenda ni mnada wa mali za mkulima mmoja karibu na Reigate, Oktoba 1825. Cobbett anaiona meza ndefu ya mwaloni ambayo zamani mkulima alikula pamoja na vibarua wake, imeachwa. Ndani ya nyumba kumeongezwa sebule yenye zulia na kamba ya kengele ya kuita watumishi. Kwake, kamba ile inatosha kusimulia kilichotokea mashambani: mkulima amekuwa bwana, na watu wake wameondoka mezani. Akakusudia kuipata meza ile aihifadhi.

Clare kazi aliifanya kabla hajaiandika. Baba yake alimchongea fimbo nyepesi ya kupuria, ya saizi ya mtoto, ili aanze mapema. Katika The Shepherd's Calendar miezi kumi na miwili inapita mmoja mmoja, na kila mwezi una kazi yake: kupura, kukata sufu, kukausha majani, kijana anayefukuza ndege shambani peke yake siku nzima. Ukimsoma utajua mgongo unauma saa ngapi.

Blythe ana mzee mmoja aliyekwenda jeshini mwaka 1914. Anasimulia kwamba katika miezi minne ya mafunzo aliongezeka karibu kilo sita na kurefuka kidogo. Watu walisema ni chakula; yeye anasema ni kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutofanya kazi ngumu. Tena walifurahi, wote, kutoka mashambani. Ilibidi niirudie sentensi ile. Unahitaji shamba la namna gani ili kambi ya jeshi iwe mapumziko?

Ardhi

Neno moja litakurudia kwa karibu wote hawa: kuzungushiwa ua kwa ardhi ya pamoja. Vijiji vya Uingereza vilikuwa na malisho, vichaka na maeneo ya kuokotea kuni ambako hata asiye na shamba aliweza kufungia ng'ombe mmoja au kuachia mabata wake. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuigawa ardhi hiyo kwa wamiliki. Msomaji anayetoka kwenye malisho ya wote hahitaji kuelezwa ni nini hupotea ua unapojengwa.

Kwa hili Clare hana mwenzake. Sheria ya Helpston ilipita mwaka 1809 akiwa kijana anayekaribia miaka kumi na sita. Njia alizopita tangu utotoni zikawekewa vibao, miti aliyoijua kwa sura ikakatwa, kijito kikanyooshwa. Katika shairi lake The Mores anasema uzio ulikuja ukakanyaga kaburi la haki za mfanyakazi na kumwacha maskini mtumwa. Huo ni uchungu wa aliyenyang'anywa, umeandikwa na aliyenyang'anywa, na vitu vya namna hiyo ni vichache katika lugha yoyote.

Cobbett anaishambulia hali ileile kama mwanasiasa: ana hesabu, ana majina ya wakubwa, ana lawama kwa London, mji aliouita uvimbe mkubwa. Thompson anaifikia kwa mlango wa nyuma, kupitia kikongwe aitwaye Sally anayekumbuka Juniper Hill ilipokuwa bado katikati ya nyika wazi, na nyumba yake inaonyesha kwamba zamani maskini walikuwa na kitu. White hagusi sana. Wakati wake Selborne ilikuwa bado na malisho yake, na yeye hakuwa na sababu ya kuhofia. Kwa Blythe ardhi ina wenyewe tangu zamani, na kinachosikika ni ugumu wa moyo kati ya mwenye shamba na kibarua wake, uliodumu mpaka karne ya ishirini.

Ndege na wanyama

Hapa White anatamba. Ndiye aliyewatenganisha ndege watatu wadogo wanaofanana kama mapacha, kwa kusikiliza kwamba kila mmoja ana wimbo wake. Alikuwa na kobe, Timothy, aliyemrithi kutoka kwa shangazi yake mwaka 1780, na kurasa zake juu ya kobe huyo ni furaha tupu: anaeleza jinsi anavyoikimbia mvua, ilhali ana gamba ambalo hata gurudumu la mkokoteni uliojaa lisingelivunja. Timothy alipokufa ikajulikana kuwa alikuwa jike.

Kuna jambo lingine kwa White linalotuhusu sisi moja kwa moja. Alihangaika maisha yake yote na mbayuwayu: wanakwenda wapi baridi ikiingia? Ndugu yake John, aliyekuwa kasisi Gibraltar, alimwandikia kwamba amewaona wakivuka mlango wa bahari. Hata hivyo White hakuiacha kabisa dhana kwamba wengine hujificha palepale Uingereza. Leo inajulikana kwamba mbayuwayu wanaozaliana Uingereza hushinda majira ya baridi kusini mwa Afrika. Jibu alilolitafuta kwenye mashimo ya Hampshire lilikuwa huku kwetu barani.

Clare hapimi, anainama. Anakupeleka mpaka kwenye kiota cha ndege mwimbaji wa usiku, anakuonyesha mayai, kisha anakuondoa taratibu ili mama asiogope. Cobbett anapenda udongo, miti ya mbao na mazao. Ndege kwake ni wapita njia. Thompson ana maua ya kando ya njia na mabua yaliyobaki baada ya mavuno, ambako wanawake na watoto waliokota masuke. Blythe ana kidogo tu, na kile kidogo hutoka vinywani mwa watu wanaotazama mvua kwa sababu ya kazi.

Kiingereza chao

Thompson ni mwepesi kuliko wote. Mtu aliyemaliza sekondari atamsoma bila kamusi nyingi. Cobbett anashangaza: ni wa miaka mia mbili iliyopita, lakini sentensi zake zimenyooka kama fimbo, na si ajabu, kwani alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza mwaka 1818 kwa ajili ya watu wa kawaida. Kinachochosha kwake ni majina ya wanasiasa waliokwisha sahaulika. Unaruhusiwa kuyaruka.

Akenfield ni Kiingereza cha kuzungumza, na ugumu wake ni wa mazungumzo: mtu anakatisha, anarudi nyuma, anataja kifaa usichokijua. White ana sentensi ndefu za karne ya 18 na Kilatini cha hapa na pale.

Clare ndiye mgumu, na ni haki yako kujua mapema. Anatumia maneno ya nyumbani kwao, kama pudge kwa dimbwi dogo na pooty kwa kombe la konokono. Hakupenda nukta wala mkato. Mchapishaji wake, John Taylor, aliyanyoosha mashairi, na wahariri wa karne ya ishirini wakayarudisha yalivyokuwa kwenye miswada. Kwa hiyo shairi lilelile utalikuta kwa sura mbili. Mimi nashauri uanze na toleo lililonyooshwa uelewe, kisha ulifuate lile la mkono wake mwenyewe ulisome kwa sauti. Likisomwa kwa sauti, nukta hazikosekani. Pumzi yako inaziweka.

Kuvipata

White na Cobbett wapo bure mtandaoni, kwa ukamilifu, kwa simu yoyote. Clare yupo kwa sehemu, hasa matoleo ya zamani. Yale ya kisasa yenye maelezo hununuliwa. Haki za Thompson, aliyefariki mwaka 1947, ziliisha Uingereza mwisho wa 2017. Blythe alifariki Januari 2023 akiwa na miaka mia moja, hivyo kitabu chake ni cha kununua au kuazima maktaba.

Kuhusu muda: White na Clare wanasomeka vipande vipande, barua au shairi moja kwa jioni. Cobbett ni mnene, chagua safari mbili tatu. Kwa Thompson, kitabu cha kwanza, Lark Rise, kinajitosheleza. Akenfield kila sura ni mtu au kazi, unaweza kuingia popote.

Kasoro zao

Ya White nimeshaitaja: jicho lake ni kali kwa ndege na limefifia kwa jirani asiye na kitu.

Ya Cobbett ni nzito zaidi, na msomaji wa Afrika asiikute ghafla. Mtu huyu aliyemlilia kibarua wa Wiltshire aliwachukia Wayahudi waziwazi na aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi, akiwakejeli waliopigania kukomeshwa utumwa kwamba wanajali watu wa mbali kuliko wa kwao. Bado nadhani anasomeka, kwa sababu ushahidi wake juu ya njaa ya mashambani ni wa mtu aliyekwenda na kuona. Lakini sitamlaumu anayekataa kukaa naye.

Clare anarudia, na huzuni yake ni nzito. Mwaka 1841 alitoroka hospitali ya wagonjwa wa akili huko Essex, akatembea karibu kilomita 130 kwa siku nne kurudi nyumbani, akila nyasi za kando ya barabara. Miaka yake ya mwisho, mpaka 1864, aliishia katika hospitali nyingine ya namna hiyo, Northampton. Ukiwa umechoka moyo, mwache kwanza.

Thompson huonekana mtamu kuliko alivyo. Wengi wamemjua kupitia tamthilia ya BBC ya 2008 hadi 2011, yenye mavazi safi na jua jingi, wakadhani kitabu nacho ni hivyo. Basi wasome ukurasa wa mwisho wa Lark Rise: vijana kumi na mmoja wa kitongoji kile hawakurudi kutoka vitani, majina yao yako kwenye bamba la shaba kanisani, safu mbili za majina matano matano, na chini yake, peke yake, jina la ndugu yake. Hata hivyo ni kweli kwamba umbali wa miaka umelainisha baadhi ya mambo.

Kwa Blythe, wanahistoria wamelalamika kwamba huwezi kujua wapi mzee anasema na wapi mwandishi amepanga maneno yake. Kama unahitaji ushahidi wa kunukuu kwenye tasnifu, jihadhari.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kusoma chochote juu ya Uingereza ya vijijini na unataka mlango usiokwama, chukua Lark Rise. Yule mama niliyemtaja mwanzoni nilimpa hicho, kwa sababu kinaeleza vyumba, vyakula, michezo ya watoto na posta, mambo ambayo mabaki yake bado anayaona nje ya dirisha lake.

Kama unafundisha historia au unafuatilia mambo ya ardhi, weka Clare na Cobbett meza moja. Mmoja atakupa jeraha, mwingine hesabu ya damu iliyomwagika. Anza na shairi la The Mores, kisha safari ya bonde la Avon.

Kama unapenda ndege, bustani au hali ya hewa, au umestaafu na una asubuhi ndefu, White hatakuchosha. Usianze ukurasa wa kwanza. Barua za mwanzo ni za jiografia na zinawakatisha watu tamaa. Nenda kwenye mbayuwayu na kobe, kisha rudi nyuma.

Kama unaishi karibu na Suffolk, au umefanya kazi za mashamba huko Ulaya na unataka kujua waliozifanya kabla yako walisema nini, ni Akenfield. Ipo pia filamu yake ya 1974 iliyoongozwa na Peter Hall, ambamo wanavijiji wenyewe ndio waigizaji.

Kama wewe ni mshairi, Clare, hata kama atakuchukua mwaka.

Na yule kijana anayetaka kuandika kijiji cha babu yake achukue viwili. Akenfield kwa ajili ya kujua kuuliza na kunyamaza, na ile barua moja ya White juu ya taa za unyasi kwa ajili ya kujua kupima. Asome barua ile mara mbili, mara ya pili akiwa na Thompson mkononi. Kisha aende kwa bibi yake na daftari, amuulize chupa moja ya mafuta ya taa ilimaliza jioni ngapi, nani alitumwa dukani, na siku ambayo pesa haikuwepo walikula saa ngapi.